Saratani mbili za utumbo mpana kwa mgonjwa mmoja: ni magonjwa mawili au ni ugonjwa mmoja uliosambaa?

Mwanagenzi wa Upasuaji aliandika:

Waheshimiwa madaktari na wanajukwaa wenzangu, ninawasalimu. Ninaomba mwongozo wenu kuhusu mgonjwa ambaye majibu yake yamezua ubishi katika wodi yetu, kwa kuwa madaktari wawili ninaowaheshimu sana wameyasoma kwa namna mbili zisizopatana.

Mgonjwa ni mwanamume aliyevuka miaka 60. Alifika akiwa na upungufu wa damu, damu katika choo, na haja kubwa iliyokuwa ikizidi kuwa ya shida kwa miezi kadhaa. Kolonoskopi (uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera) ilikuta uvimbe mkubwa katika sigmoidi, sehemu ya mwisho ya koloni upande wa kushoto, nao ulikuwa umeibana njia kiasi kwamba kamera haikuweza kupita. Picha za CT zilizopigwa baadaye zilionyesha ini na mapafu yakiwa safi, ila katika koloni inayopanda, yaani ya upande wa kulia, juu kidogo ya sekamu (mwanzo wa utumbo mpana), ukuta wa utumbo ulionekana mnene isivyo kawaida. Aliondolewa karibu koloni yote, na puru, sehemu ya mwisho kabla ya mlango wa haja kubwa, ikaachwa.

Ripoti ya patholojia inataja adenokasinoma mbili, yaani saratani zinazoanzia kwenye tezi za utando wa utumbo. Ya sigmoidi ina upana wa sentimita 6 na imepita misuli hadi kuingia katika mafuta yanayouzunguka utumbo. Ya koloni inayopanda ina sentimita 3 na imeishia ndani ya safu ya misuli. Kati yake kuna polipu nne (vinyama vinavyoota kwenye utando), zote adenoma, aina inayoweza kugeuka saratani. Tezi 21 za limfu zilichunguzwa, na mbili zilizokuwa upande wa sigmoidi zimekutwa na saratani.

Daktari mmoja anasema kwamba uvimbe wa kulia ni mbegu iliyotoka kwenye ule wa kushoto, kwa hiyo mgonjwa yuko katika hatua ya nne, ya saratani iliyosambaa mbali. Mwingine anashikilia kwamba hizi ni saratani mbili, kila moja ikiwa na asili yake, na kwamba mgonjwa yuko katika hatua ya tatu, ya saratani iliyofika kwenye tezi za limfu tu. Tofauti hiyo inabadilisha matibabu, na inabadilisha pia maneno tutakayomwambia yeye na familia yake. Je, ni vigezo gani vinavyotumika kuamua? Hatua ya ugonjwa huandikwaje pale saratani zinapokuwa mbili? Na je, mtu mwenye saratani mbili ana nafasi ndogo ya kupona kuliko mwenye moja?

Daktari wa Patholojia alijibu:

Kwa maelezo uliyoyatoa, ninakubaliana na daktari wa pili, na nitaeleza sababu zangu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa uamuzi huu hufanyika kwenye hadubini kabla haujafika wodini.

Vigezo tunavyovitegemea hadi leo viliwekwa na wataalamu wa patholojia Warren na Gates mwaka 1932. Kila uvimbe lazima uthibitike kuwa saratani kwa uchunguzi wa tishu. Vivimbe hivyo lazima vitengane waziwazi, na katika utumbo hii ina maana ya kuwa na ukuta mzima usio na saratani katikati yake. Kisha lazima iondolewe shaka kwamba mmoja umetokana na mwingine. Kuhusu muda, saratani zinazogunduliwa pamoja, au ndani ya miezi 6 tangu ile ya kwanza ilipogunduliwa, huhesabiwa kuwa za wakati mmoja, na zinazojitokeza baada ya hapo huitwa za kufuatana. Wapo wanaotumia miezi 12. Mpaka huo ni wa makubaliano tu, kwa sababu adenoma huchukua miaka mingi kugeuka saratani, na uvimbe unaogunduliwa mwezi wa nane yaelekea ulikuwapo siku ya kolonoskopi ya kwanza, ila haukuonekana.

Ubishi wenu unahusu kigezo cha tatu. Saratani iliyoanzia katika utumbo huanzia kwenye utando wa ndani na kuchimba kuelekea nje. Ninapokata kipande ukingoni mwa uvimbe wa namna hiyo, mara nyingi ninaona upande mmoja wa kioo tezi za kawaida zilizojipanga wima, kisha tezi za adenoma zenye viini virefu vyeusi vilivyobanana, halafu tezi za saratani zilizopinda na kuungana ovyo zikishuka kwenye misuli. Mpito huo ukionekana katika vivimbe vyote viwili, hoja ya kusambaa hudhoofika sana. Saratani iliyosambaa kutoka kwingine huingia kupitia mishipa au kutoka upande wa nje, kwa hiyo sehemu kubwa ya uvimbe hukaa chini ya utando au karibu na uso wa nje, na utando wenyewe huwa umeinuliwa ukiwa bado mzima. Zaidi ya hayo, huwa hakuna adenoma pembeni yake.

Kuna tahadhari mbili ambazo hazipaswi kusahaulika. Uvimbe uliokomaa unaweza kuila adenoma yake yote, kwa hiyo kukosekana kwa adenoma peke yake hakuthibitishi kwamba saratani imesambaa. Na chembe zilizosambaa zinaweza kupanda hadi kwenye utando na kutandaa juu yake zikafanana na adenoma, kwa hiyo mwenye kusoma asitosheke na kipande kimoja. Mwombe daktari wa patholojia aliyesoma sampuli yenu arudi kwenye vipande vya ukingo wa uvimbe wa kulia, na kama ni vichache, akate vingine. Adenoma nne zilizokutwa katikati zinaonyesha kwamba utando wa koloni hiyo ulikuwa na mwelekeo wa kuzaa saratani katika sehemu zaidi ya moja, na kwa wagonjwa wa aina hii adenoma za ziada hukutwa mara nyingi zaidi kuliko kwa wenye uvimbe mmoja.

Kuhusu hatua: kama saratani mbili zinahesabiwa pamoja, T, alama ya kina cha uvimbe, huandikwa kwa ile iliyopenya zaidi, na alama ya wingi huwekwa katika mabano. Kwa mgonjwa wako itakuwa pT3(m) au pT3(2), na tezi mbili zenye saratani humweka katika N1b (N ni alama ya tezi za limfu). Kwa kuwa hakuna kiungo cha mbali kilichoathirika, hiyo ni hatua ya tatu. Hata hivyo, ripoti njema haikomei kwenye alama hiyo. Inaeleza kila uvimbe kivyake: mahali ulipo, ukubwa, aina, kina, mishipa iliyovamiwa, na umbali wake kutoka ukingo uliokatwa na kutoka kwa uvimbe wa pili. Tezi za limfu nazo zikatwe na kuhifadhiwa kwa kufuata sehemu ya koloni zilikotoka. Idadi ya chini inayokubalika ni 12, lakini tezi 21 zilizomiminwa katika chombo kimoja zisingekuwezesha kusema kwamba zile mbili ni za upande wa sigmoidi. Aliyeipokea sampuli hiyo alifanya kazi yake kwa uangalifu, na anastahili shukrani.

Mpasuaji wa Utumbo alijibu:

Ninaunga mkono aliyotangulia kuyasema daktari mwenzangu, nami nitaongeza upande wa kitandani na wa chumba cha upasuaji.

Hali hii si ya kila siku, lakini si ya kushangaza. Ukizijumlisha tafiti mbalimbali, takriban asilimia 3.5 ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana huwa na zaidi ya saratani moja kwa wakati mmoja, ingawa takwimu za tafiti mojamoja zinatoka karibu asilimia 1 hadi 8. Wengi wao ni wanaume na watu wa umri mkubwa. Kwa kawaida saratani huwa mbili, mara chache tatu au zaidi. Ikilinganishwa na wagonjwa wenye uvimbe mmoja, upande wa kulia wa koloni huathirika mara nyingi zaidi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba dalili hazimwambii daktari lolote kuhusu idadi. Damu kwenye choo, upungufu wa damu na kubadilika kwa haja kubwa ni zilezile za uvimbe mmoja, na kwa kawaida hutokana na uvimbe ulioendelea zaidi. Ule mdogo hukaa kimya, hasa ukiwa upande wa kulia, ambako njia ni pana na kinyesi bado ni laini. Daktari akishapata sababu ya damu, mkono wake huwa mwepesi wa kuchomoa kamera na kuandika ripoti, na hapo ndipo saratani ya pili inapoachwa ndani. Kupapasa utumbo kwa vidole wakati wa upasuaji hakutoshi, kwa kuwa uvimbe bapa wenye sentimita moja haupapasiki kirahisi, na katika upasuaji wa matundu mkono hauingii kabisa.

Kwa hiyo koloni yote ionwe kabla ya upasuaji. Kama uvimbe umeziba njia, kama ilivyokuwa kwa mgonjwa wako, picha za CT za koloni iliyojazwa hewa huonyesha sehemu iliyo nyuma ya kizuizi. Kama hilo haliwezekani, kolonoskopi kamili ifanyike ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji, nayo iandikwe katika barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali ikiwa na tarehe yake. Vilevile, uvimbe mdogo au polipu inayotiliwa shaka ichomwe wino wa kaboni chini ya utando wakati kamera ingali ndani, kwa pande kadhaa za duara la utumbo, na ripoti iseme wino uko juu au chini ya uvimbe. Maneno kama “sentimita 70 kutoka mlangoni” hayamsaidii mpasuaji, kwa sababu utumbo hujikunja na kuvutika juu ya kamera.

Kuhusu aina ya upasuaji, hakuna kanuni moja. Saratani mbili zilizo jirani huondolewa kwa mkato mmoja. Zilizo mbali zinaweza kuondolewa kwa mikato miwili yenye maunganisho mawili, ilimradi kipande kinachobaki katikati kina damu ya kutosha, au koloni karibu yote ikaondolewa na kukawa na unganisho moja tu. Njia ya pili humpunguzia mgonjwa hatari ya uvimbe mpya, lakini atakwenda haja mara nyingi na choo kitakuwa laini, na mzee ambaye misuli yake ya mlangoni imelegea anaweza kuteseka sana kwa hilo. Pale uvimbe mmoja unapokuwa bado ndani ya polipu, umeondolewa mzima kwa kamera, haujavamia mishipa, si wa daraja baya na umepenya kwa kina kidogo tu, hauhitaji kupanua mkato wa upasuaji. Kwa mgonjwa wako, mwenye vivimbe pande mbili na adenoma katikati, ninaona uamuzi wa wakubwa zako ulikuwa wa busara.

Mwanagenzi wa Upasuaji aliandika:

Ninawashukuru sana, walimu wangu. Daktari wetu wa patholojia amerudia kukata ukingo wa uvimbe wa kulia na amekuta mabaki ya adenoma, kama ilivyotabiriwa hapa. Pamoja na hayo, yameletwa majibu ya protini za kurekebisha makosa ya DNA. Katika uvimbe wa sigmoidi protini zote nne zipo. Katika uvimbe wa kulia, MLH1 na PMS2 hazipo, ilhali MSH2 na MSH6 zipo. Inawezekanaje mtu mmoja awe na majibu mawili yanayopingana? Na je, tuwaite watoto wake kwa ajili ya vipimo vya urithi?

Daktari wa Saratani alijibu:

Majibu hayo hayapingani, bali yanaongeza ushahidi kwamba saratani hizi zilizaliwa kila moja kwa njia yake. Uvimbe wa kulia umepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA, na ule wa kushoto haujaupoteza. Ni vigumu kueleza hilo kama mmoja ungekuwa mbegu ya mwingine. Kwa jumla, vivimbe vyenye upungufu huo hukutwa mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wenye saratani kadhaa kwa pamoja kuliko kwa wenye saratani moja. Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba kila uvimbe upimwe. Kama maabara yenu ingepima ule mkubwa peke yake, kama inavyofanyika mahali pengi kwa kubana matumizi, mngeandika kwamba mgonjwa hana upungufu wowote, na habari hii isingejulikana kamwe.

MLH1 na PMS2 hufanya kazi zikiwa jozi, na MLH1 ikikosekana, PMS2 nayo haisimami. Kwa hiyo tatizo hapa liko kwenye MLH1. Mara nyingi, hasa kwa watu wa umri mkubwa, jeni hiyo huzimwa kwa kemikali za metili zinazojibandika juu yake ndani ya uvimbe wenyewe, na hali hiyo hairithiwi. Hatua inayofuata ni kupima badiliko la jeni liitwalo BRAF V600E katika uvimbe wa kulia. Likiwapo, ugonjwa wa Lynch, yaani hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya utumbo, huwa haudhaniwi tena isipokuwa kwa sababu maalumu. Lisipokuwapo, pimeni kama MLH1 imezimwa kwa metili. Kama haikuzimwa hivyo, mgonjwa apimwe damu kutafuta jeni alizozaliwa nazo. Majibu mazuri ya sigmoidi yasiwafanye muiache Lynch njiani, kwa sababu mtu mwenye Lynch anaweza pia kupata saratani ya kawaida.

Watoto wasiitwe kwa vipimo vya urithi kabla ya majibu hayo. Lynch ikithibitika, kila mtoto na kila ndugu wa tumbo moja ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuwa nayo, na hapo kuwaita ni wajibu. Hesabuni pia polipu na kuzitaja aina zake: adenoma 100 au zaidi huashiria polipozi ya ukoo inayotokana na jeni ya APC, na polipu nyingi zenye kingo za meno ya msumeno, hasa zile kubwa za upande wa kulia, ni ugonjwa mwingine wenye uhusiano wa karibu na BRAF. Muulizeni pia kama amewahi kuwa na uvimbe-uchungu wa muda mrefu wa koloni yenye vidonda, kwani nao huzaa saratani sehemu nyingi.

Kuhusu nafasi ya kupona, tafiti hazijakubaliana kikamilifu, lakini nyingi zilizolinganisha wagonjwa wa hatua moja hazikukuta tofauti kubwa kati ya wenye saratani moja na wenye mbili. Kinachoamua ni uvimbe ulioendelea zaidi. Mgonjwa wenu atibiwe kama mtu wa hatua ya tatu, yaani apewe dawa za kemotherapi za kundi la fluoropirimidini pamoja na oksaliplatini kama afya yake inaruhusu. Kama baadaye kutatokea uvimbe katika ini, uchukuliwe sampuli na upimwe upya jeni za KRAS, NRAS na BRAF pamoja na protini zile nne, kwa kuwa saratani mbili za mtu mmoja zinaweza kutofautiana kwa mabadiliko hayo. Inabidi kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyosambaa. Dawa za kinga, yaani zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, ambazo zina nguvu sana kwa saratani yenye upungufu wa MLH1, hazitarajiwi kufanya hivyo kwa mbegu ya ile ya sigmoidi.

Msomaji aliyeguswa aliandika:

Samahanini madaktari, mimi si mtaalamu. Mama yangu ameambiwa juzi kwamba ana saratani mbili kwenye utumbo mpana. Tangu siku hiyo hali chakula, na sisi watoto tumeamini kwamba imeshaenea mwilini. Naomba kuuliza kama ndivyo.

Daktari wa Patholojia alijibu:

Dada, pole sana wewe na mama. Kuwa na saratani mbili katika utumbo mpana hakuna maana ya kwamba imeenea mwilini. Zinaweza kuwa vivimbe viwili vilivyoota kila kimoja mahali pake, na wagonjwa wengi wa namna hiyo hufanyiwa upasuaji kwa nia ya kuwaponya. Kinachoeleza kama imeenea ni picha za kifua na tumbo pamoja na majibu ya tezi za limfu baada ya upasuaji. Mnapokutana na daktari wake, mwulizeni mambo haya: je, koloni yote imeonekana hadi mwisho; je, vivimbe vyote viwili vimechukuliwa sampuli; na je, vyote vitapimwa zile protini zinazohusiana na saratani za kurithi. Mwulizeni pia mama kama kuna ndugu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, na aliugua akiwa na umri gani. Mwandike majibu hayo kwenye karatasi na kwenda nayo.

Daktari wa Mfumo wa Chakula alijibu:

Nitaongeza jambo moja kuhusu ufuatiliaji, nalo linawahusu wote wawili, mgonjwa wa mwanagenzi na mama wa dada yetu. Aliyewahi kuwa na saratani mbili anaweza kuota ya tatu katika sehemu ya utumbo iliyobaki. Kolonoskopi irudiwe mwaka 1 baada ya upasuaji, kisha baada ya miaka 3, na kama ni safi, baada ya miaka 5. Kwa mwenye Lynch iwe kila mwaka 1 hadi 2. Aliyebakiwa na puru peke yake asidhani kwamba amemaliza, kwa kuwa utando wa puru ni uleule, nao ukaguliwe kwa kamera fupi. Kwa watoto na ndugu wa tumbo moja, hata kama Lynch haikupatikana, miongozo mingi hushauri waanze kolonoskopi wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yao aligunduliwa, kutegemea ipi inatangulia. Mwanagenzi, mgonjwa wako atakapokuja kliniki, mweleze hayo akiwa pamoja na watoto wake, na uyaandike katika faili lake siku hiyohiyo.